Nilimwahidi Mama Nikifika 60 Narudi

Mama yangu alikuwa hasomi ila herufi za Kiarabu, lakini hesabu alikuwa nayo kichwani. Mwaka 2004, siku niliyotimiza miaka 50, nilimpigia simu Unguja akaniuliza: "Bado mingapi?" Nikamjibu bado 10. Tangu hapo, kila ukifika mwezi wa Machi alikuwa anapunguza mmoja mwenyewe bila ya kuniuliza. Bado tisa. Bado minane. Bado saba.

Nimezaliwa tarehe 20 Machi 1954. Nilipofika Portsmouth, Januari 1975, mwanamke wa Uingereza alikuwa akilipwa pensheni ya serikali akitimiza miaka 60, na mwanamme akitimiza 65. Ndivyo ilivyokuwa tangu 1940, na wanawake wa Kiingereza niliofanya nao kazi walikuwa wakiitaja 60 kama mtu anavyoitaja sikukuu. Kwa hiyo ahadi yangu kwa mama ilikuwa na tarehe. Machi 2014 narudi kwetu, nakaa naye, nampikia mimi.

Machi 2014 ilifika, ikapita. Nayaandika haya kwa wanawake wenzangu walioko Uingereza, na kwa walioko nyumbani wanaomngoja dada au mama arudi, kwa sababu niliyoyajua nikiwa na miaka 59 nilistahili kuyajua nikiwa na 41.

Nilikuja kuolewa. Familia yetu ilikuwa imehamia Mombasa baada ya 1964, na mume wangu alikuwa miongoni mwa Wazanzibari waliokwenda kuanza maisha Portsmouth. (Mama alirejea Unguja baadaye, miaka ya themanini, mambo yalipolegea.) Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kufua na kupiga pasi mashuka ya hoteli pale Southsea. Wiki chache baada ya kuanza, bibi mmoja wa ofisini aliniletea fomu. Mwanamke aliyeolewa, akanieleza, anaweza kuchagua kulipa mchango mdogo wa Bima ya Taifa (National Insurance, makato ya mshahara yanayojenga pensheni), na tofauti ikabaki kwenye mshahara wake. Wenyewe wakiita stempu ndogo. Nilitia saini nimesimama, mikono bado ina maji. Hakuna aliyeniambia kwamba stempu ndogo haijengi pensheni ya mtu mwenyewe, na kwamba uzeeni ningebaki kutegemea michango ya mume. Uchaguzi ule ulifungwa kwa wanawake wapya mwaka 1977, lakini waliokwisha kusaini waliachwa waendelee nao, na wapo waliokwenda nao miaka mingi bila kujua walichokisaini.

Mimi uliniponyoka kwa sababu ya uzazi. Binti yangu mkubwa alizaliwa Juni 1979, wakamfuatia wawili, nikakaa nyumbani muda mrefu nikilea, na mtu akikaa miaka miwili mizima bila ya kuchangia, fomu ile hufa yenyewe. Tena kuanzia 1978 serikali ilikuwa imeanza kuitambua miaka ya kulea ili isimharibie mama pensheni, kwa sharti posho ya mtoto ilipwe kwa jina lake yeye. Mume wangu alikuwa ameziacha karatasi zote za watoto mikononi mwangu, Mungu amrehemu, na mpaka leo namshukuru kwa hilo. Jirani yangu mmoja, mtu wa Lamu, mumewe ndiye aliyejaza fomu, na posho ikaandikwa kwa jina la baba ambaye alikuwa kazini kutwa. Miaka ya kulea ya mama ikakosekana kwenye rekodi yake. Alikuja kuigundua akiwa na miaka 61.

Mwaka 1989 niliingia kufanya kazi katika makao ya wazee, na huko ndiko nilikokaa. Kuwaosha, kuwavisha, kuwalisha, kuwageuza usiku wasipate vidonda. Niliipenda kazi ile. Lakini kila nilipomsugua mgongo bibi wa watu nilikuwa nikijiuliza nani anamsugua mama yangu.

Mume wangu alifariki 2006. Miaka miwili baadaye nikahamia nyumba ndogo zaidi, na mwaka 2012 na 2013 akiba yangu yote ikaenda Unguja. Mama alikuwa na kiwanja kidogo nyuma ya nyumba yake Mpendae, tukakubaliana kujenga chumba cha uani na choo chake cha ndani, kwa sababu magoti yangu yalikuwa yameanza kulalamika. Nilituma pesa ya matofali, nondo, saruji, bati, mlango wa mninga. Mama alikuwa akimsimamia fundi kwa kukaa kwenye kiti cha plastiki mbele yake tangu asubuhi. Nilipomwambia fundi asije akanunua mbao mbovu alinijibu: "Bi Mkubwa huyu, ataniachia ninunue mbao mbovu?"

Huko nyumbani, mtu akisema anastaafu, watu wanasikia kiinua mgongo, yaani furushi la pesa la mkupuo mmoja. Ndugu zangu walikuwa wakiningojea nije na furushi. Niliwaeleza mara nyingi kwamba pensheni ya serikali ya Uingereza haina mkupuo, inakuja kidogo kidogo kila baada ya wiki nne mpaka unakufa. Sidhani kama waliniamini. Nalitaja hili kwa sababu wanawake wengi wa kwetu wameingia madeni kwa kukaa kimya mbele ya matumaini ya aina hii.

Januari 2014 nilimwandikia meneja barua kwamba mwisho wa Machi naacha kazi. Siku ya pili au ya tatu yake tulikuwa tunakunywa chai na mwenzangu aliyezaliwa Oktoba 1953, aliyenizidi miezi mitano tu. Akaniuliza nitaishi kwa nini. Nikamjibu, pensheni. Aliweka kikombe chini. "Yangu mimi ni 2018," akasema. "Yako wewe haiwezi kuwa kabla ya yangu."

Nilipiga simu siku hiyohiyo. Kijana aliyepokea alikuwa mpole. Aliniuliza tarehe yangu ya kuzaliwa na namba yangu ya Bima ya Taifa, akanyamaza kidogo, kisha akanitajia: tarehe 6 Septemba 2019. Nikamwomba arudie. Nikamwuliza mbona sikuandikiwa. Akasema barua zilikuwa zimetumwa. Labda yangu ilikwenda nyumba ya zamani, labda haikutumwa kabisa. Mimi sikuiona mpaka leo.

Jioni nilimpigia mama. Nilimwambia imesogezwa.

"Nani kaisogeza?"

"Serikali."

"Kwani wewe umewakosea nini, mwanangu?"

Sikuwa na la kumjibu, kwa hiyo nikaenda kulitafuta jibu. Kwenye maktaba ya mjini nilikaa na karatasi na kalamu mpaka nikaelewa. Bunge lilipitisha sheria mwaka 1995 ya kumfikisha mwanamke kwenye 65 kama mwanamme, kidogo kidogo, kuanzia 2010 mpaka 2020. Iliwagusa wote waliozaliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 1950. Kwa sheria hiyo, tarehe yangu ilikuwa 6 Machi 2018, wiki mbili kabla sijatimiza 64. Kisha mwaka 2011 ikaja sheria ya pili, ikaharakisha: wanawake wafike 65 ifikapo Novemba 2018, halafu wote, wake kwa waume, wafike 66 ifikapo Oktoba 2020. Muswada ulipoanza, wapo ambao wangeongezewa miaka miwili mizima. Kelele zilipopigwa bungeni, nyongeza ikawekewa kikomo cha miezi 18. Mimi nimeangukia kwenye kundi lililoipata ile miezi 18 yote. Machi 2018 ikawa Septemba 2019.

Nataka nieleweke hapa. Sikatai usawa. Mwanamke aliyefanya kazi maisha yake yote hawezi kudai haki sawa ya mshahara halafu akakataa umri sawa wa kustaafu, na wenzangu wengi niliokutana nao baadaye walisema hivyohivyo. Niliumia kwa sababu ya muda. Mwaka 1995 nilikuwa na miaka 41 na mtoto wa mwisho akiwa skuli ya msingi. Ningeambiwa siku hizo kwa barua yenye jina langu, ningekuwa na zaidi ya miaka 20 ya kuweka kidogo kidogo, na chumba cha uani ningekijenga polepole. Barua za mtu mmoja mmoja zilianza kutumwa 2009. Na sheria ya pili ilipita nikiwa na miaka 57, mgongo umekwisha kuchoka.

Meneja alikuwa amekwisha kuipangia watu zamu yangu ya mchana. Alinirudisha kwa mkataba usio na uhakika wa saa, na saa zilizopatikana zilikuwa za usiku. Wiki hii nne, wiki ijayo moja. Kuna usiku mashine ya kunyanyulia wagonjwa iliharibika, tukamnyanyua babu mmoja mnene kwa mikono, mimi na msichana wa miaka 22, na goti langu la kulia halikurudi tena lilivyokuwa. Wale tuliowahudumia, baadhi yao walikuwa wananizidi miaka michache tu.

Tena mambo mengine yalifungamana na tarehe ileile. Kadi ya kupanda basi bure, kwa sisi wa Portsmouth, ilikuwa ikitolewa mtu akifika umri wa pensheni ya mwanamke. Rafiki yangu wa London alipata yake ya huko akiwa na 60. Mimi Portsmouth nikaendelea kulipa nauli ya kwenda kazini na kurudi. Na ule msaada wa wazee wenye kipato kidogo nao huanzia umri huohuo. Ukisogezwa mlango mmoja, imesogezwa milango yote.

Nilimsimulia mama habari ya basi, nikidhani ni mazungumzo tu. Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ikaanza kumlipa kila mzee aliyefikisha miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, awe aliajiriwa au alikuwa akikaanga vitumbua barazani kama mama yangu. Mama alikuwa na miaka 84, na hakuwahi kulipwa mshahara na mtu maishani mwake. Alinipigia simu mwenyewe kutoka kituo cha kulipia, simu ya kuazima, kelele za wazee wenzake nyuma yake. "Yangu mimi imekuja wala sikuilipia," akasema. "Yako umeilipia, haiji?" Miezi miwili baadaye akaja mgeni kutoka Unguja na kikapu cha halua, na ndani yake kimefungwa kitambaa chenye noti nne za 10,000. Mama kaniletea nauli ya basi.

Noti zile ninazo.

Mwaka 2015 wanawake watano waliokumbwa na jambo hili walianzisha kundi wakaliita WASPI (Women Against State Pension Inequality, yaani wanawake wanaopinga kukosekana kwa usawa katika pensheni ya serikali), na kikundi cha eneo letu kilipoanza kukutana nami nikaingia. Sisi tulioguswa na mabadiliko haya tulikuwa zaidi ya milioni 3.5 nchi nzima, waliozaliwa miaka ya hamsini. Tarehe 8 Machi 2017, siku ya bajeti na Siku ya Wanawake Duniani pamoja, tulikwenda London kusimama mbele ya Bunge. Rangi ya kundi ni zambarau, na mimi nilikuwa na kanga ya zambarau ambayo dada yangu alinipa miaka mingi nyuma. Nilijitanda juu ya koti. Bibi mmoja kutoka kaskazini mwa England aliniuliza maandishi yale yanasema nini. Yalisema: Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Nilimfasiria kama nilivyoweza, akaniomba nimwandikie kwenye karatasi, na kwenye treni ya kurudi nyumbani nililia kwa mara ya kwanza tangu ile simu ya Januari 2014.

Mama alifariki tarehe 19 Aprili 2018. Alianguka asubuhi akienda kuchota maji, akazikwa alasiri, na mimi nilifika siku ya tatu. Walikuwa wamenitandikia chumba cha uani.

Rudini nyuma muangalie ile tarehe ya sheria ya kwanza. Tarehe 6 Machi 2018. Kama ingekuwa sheria ya 1995 peke yake, na kama ningeijua kwa wakati, ningekuwa nimefika. Ningepata wiki sita naye. Nilizihesabu nikiwa nimekaa kitandani mwangu mle ndani, mlango wa mninga umefungwa, wanawake wakisoma hitima nje. Watu wanapozungumza habari ya pensheni hutaja pauni, na pauni kweli zinahusika, nilizihitaji. Lakini mimi nilinyang'anywa wiki sita, na wiki zile hazina hesabu ya pauni.

Tarehe 6 Septemba 2019 ilipofika nilikuwa zamu. Pensheni kamili mwaka ule ilikuwa pauni 168.60 kwa wiki, na mimi niliipata kamili, kwa sababu miaka yangu ya kulea ilihesabiwa na ya kazi ilikuwa mingi. Mfumo wa tangu Aprili 2016 unataka miaka 35 ya michango ili upate yote, na chini ya miaka 10 kwa kawaida hupati kitu. Nawasihi dada zangu mliofika Uingereza mkiwa na miaka 35 au 40 muihesabu hiyo 10 mapema, tena msiihesabu kwa kukisia. Ombeni rekodi yenu ya Bima ya Taifa, muisome mwaka kwa mwaka. Miaka yenye upungufu huonekana, na mingine inaweza kulipiwa kabla haijapitwa na muda. Anayefanya kazi mbili au tatu ndogo za usafi, kila moja chini ya kiwango cha kuchangia, anaweza kuchoka miaka mingi na rekodi yake ikabaki tupu. Nimewaona.

Kesi ya kuyapinga mabadiliko ya umri ilipelekwa Mahakama Kuu, ikashindwa Oktoba 2019. Rufaa nayo ikashindwa Septemba 2020. Kisha ombudsmani wa Bunge, anayechunguza malalamiko ya raia dhidi ya serikali, akachunguza. Julai 2021 alisema kulikuwa na uzembe: wizara ya kazi na pensheni ilitakiwa ianze kutuandikia isipite Desemba 2006, na ilichelewa miezi 28. Machi 2024 akapendekeza tulipwe fidia, kati ya pauni 1,000 na 2,950 kila mmoja. Desemba 2024 serikali ikakubali kosa la kuchelewa, ikaomba radhi, na ikasema fidia haitalipa. Hoja yao mojawapo ilikuwa kwamba mwaka 2006 asilimia 90 ya wanawake wa umri wetu walikuwa wanajua kuwa umri wa pensheni unabadilika. Mimi naona kujua kwamba umri wa wanawake unabadilika ni jambo moja, na kujua tarehe yako wewe uliyezaliwa 20 Machi 1954 ni jambo jingine. Hata mimi pengine nilisikia kitu redioni nikiosha vyombo. Kwenye habari hakuna jina la mtu, ndiyo maana barua zikavumbuliwa. Na Desemba 2006 nilikuwa na miaka 52, mjane mpya, sijahama bado. Anwani yangu wakati ule waliijua.

Sasa watu huniuliza kwa nini sijahamia Unguja moja kwa moja, chumba kipo. Hili nalo wengi hawalijui mpaka wamekwisha kufunga mizigo. Anayehamia Tanzania au Kenya pensheni yake ya Uingereza hugandishwa: kiasi anachoondoka nacho ndicho hichohicho mpaka afe. Anayehamia Ufaransa au Marekani huongezewa kila mwaka, kwa sababu ya mikataba baina ya nchi, sisi hatuna. Pauni 168.60 niliyoanza nayo ingekuwa bado ni 168.60. Aliyebaki Uingereza, pensheni kamili kwa mwaka wa 2025/26 ilikuwa pauni 230.25. Kwa hiyo nakwenda miezi mitatu, narudi. Nakwenda tena. Chumba anakitunza mtoto wa dada yangu, na kiti cha plastiki cha mama bado kipo pale uani, mguu mmoja umefungwa waya.

Mwezi uliopita binti yangu mkubwa alikuja kula kwangu. Nilimwekea kompyuta mezani kabla ya sahani, nikamwambia aingie aangalie tarehe yake. Alisita, akasema, "Mama, hayo bado sana." Nikamwambia aangalie. Yeye kwa sheria ilivyo leo ni miaka 68. Ikatokea: Juni 2047. Akakaa kimya anaiangalia, halafu nikaona midomo inacheza, anahesabu kama bibi yake.

"Wewe utakuwa na 93," akasema.

Nikamwambia aiandike, na mwakani mwezi kama huu aingie tena aone kama bado ni ileile.